Mlinzi na Mlindwa: Historia ya Udhibiti wa Kijamii wa Nje katika Mitaa ya Kampala, 1900–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wakazi wa Kampala walivyohimizwa kufuata kanuni kwa nguvu zilizo nje ya nafsi zao: jicho la jirani, agizo la chifu, bunduki ya askari na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Tunafuatilia vyombo vinne vilivyopokezana kazi hiyo: machifu wa Buganda baada ya Mkataba wa 1900, amri za kijeshi za miaka ya 1970, mfumo wa mayumba kumi baada ya 1979, na mabaraza ya mtaa yaliyoenea baada ya 1986. Hoja yetu ni kwamba utii haukufuata ukali wa adhabu, wala haukutokana na ukaribu wa mlinzi na mlindwa pekee. Ulistawi pale ambapo mlindwa alikuwa na njia ya kumwajibisha mlinzi, na ulidhoofika kila njia hiyo ilipozibwa. Hoja hii ina uzito wa kisera leo, kwa kuwa uchaguzi wa mabaraza ya mtaa nchini Uganda umekuwa ukiahirishwa mara kwa mara.

1. Utangulizi

Tangu Edward Ross alipochapisha kitabu chake kuhusu udhibiti wa kijamii mwaka 1901, wanasosholojia wamezoea kugawa udhibiti huo katika mafungu mawili. Udhibiti wa ndani ni ule unaokaa katika dhamiri ya mtu, baada ya malezi, dini na mila kumfundisha jema na baya. Udhibiti wa nje ni ule unaomfikia kutoka kwa wengine. Huu nao una sura mbili: isiyo rasmi, kama vile sifa, kejeli, masengenyo na kutengwa; na iliyo rasmi, kama vile faini, kifungo, kibali na cheo. Jamii yoyote hutumia zote. Swali la mwanahistoria ni hili: kwa mahali na wakati fulani, ni nani aliyepewa kazi ya kudhibiti, alipata wapi mamlaka, na watu waliitikiaje?

Kampala inafaa kwa swali hilo kwa sababu mbili. Kwanza, katika muda wa karne moja na kidogo jiji hili limejaribu takribani kila namna ya udhibiti wa mtaa inayojulikana katika Afrika Mashariki. Pili, sehemu kubwa ya msamiati wa udhibiti huo ni wa Kiswahili. Askari, magendo, mayumba kumi, panda gari, chaka mchaka: maneno haya yaliingia katika mazungumzo ya watu ambao wengi wao huzungumza Kiganda nyumbani. Kwa kizazi kimoja au viwili, Mkampala wa kawaida alikisikia Kiswahili zaidi kutoka kinywani mwa aliyemwamuru kuliko kutoka kwa aliyezungumza naye kwa usawa. Wanaotetea Kiswahili nchini Uganda hawana budi kuielewa historia hiyo.

2. Chifu na raia: kutoka kuhama hadi kudai kuchagua

Kabla ya ukoloni, makao makuu ya Buganda, yaani Kibuga, yalidumishwa kwa kazi ya pamoja iliyoitwa bulungi bwansi, maana yake uzuri wa nchi. Ngoma ilipolia kwa mdundo unaofasiriwa saagala agalamidde, yaani sitaki kumwona aliyejilaza, kila kaya ilijua kwamba inatakiwa barabarani. Henry Morton Stanley, aliyefika Rubaga mwaka 1875, alistaajabia upana wa barabara za mji wa Kabaka Mutesa I. Barabara hizo hazikujengwa kwa mishahara. Zilitokana na wajibu uliosimamiwa na machifu, chini ya macho ya majirani ambao wangejua mara moja ni nani hakufika.

Usimamizi huo haukuwa laini. Hata hivyo, raia wa Buganda, mkopi, alikuwa na kinga moja yenye nguvu: okusenguka, yaani kuhama. Chifu mkatili aliwapoteza watu wake kwa chifu mwingine, na chifu asiye na watu hakuwa na heshima wala nguvu mbele ya Kabaka. Hivyo chifu aliwadhibiti watu, na tishio la kuhama kwao likamdhibiti yeye.

Mkataba wa Buganda uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 ulibadilisha mizani hiyo. Ulitambua masaza 20 na Lukiiko yenye wajumbe 89, ukaweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, na ukampa kila chifu wa saza posho ya pauni 200 kwa mwaka. Kuhusu barabara, uliruhusu kuitwa mfanyakazi mmoja kwa kila nyumba tatu, kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka. Kwa maneno, hii ilikuwa bulungi bwansi ileile. Kwa hali halisi, ilikuwa jambo jingine. Chifu sasa alilipwa na serikali, hakuweza kuendelea na cheo bila ridhaa ya Waingereza, na alimiliki ardhi ya mailo kama mali yake binafsi. Mkopi angeweza bado kuhama, lakini alikohamia alikuta mwenye ardhi mwingine na kodi ileile. Kinga ya zamani ilibaki jina tu.

Malalamiko hayakuchelewa. Kazi ya lazima iliyoitwa kasanvu ilichukiwa hadi ilipokomeshwa mwaka 1922. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliwekwa ili kuwazuia wenye ardhi kupandisha tozo za wapangaji wapendavyo. Machafuko ya Januari 1945, kuuawa kwa Katikkiro Martin Luther Nsibirwa mnamo Septemba mwaka huohuo, na ghasia zilizoanza Mengo Aprili 1949 yote yalikuwa na sababu nyingi, zikiwamo za bei ya pamba na biashara. Lakini katika madai yaliyopelekwa kwa Kabaka mwaka 1949, lilikuwapo dai la watu kupewa uwezo wa kuchagua machifu wao wenyewe. Waliotoa dai hilo hawakuomba kuishi bila machifu. Waliomba kurudishiwa, kwa njia mpya ya kura, ile nguvu ya kumwajibisha chifu ambayo babu zao walikuwa nayo kwa njia ya kuhama.

Katika miaka hiyo Kampala ilikuwa miji miwili. Mji wa Waingereza na wafanyabiashara wa Kihindi ulitawaliwa na sheria za manispaa. Kibuga cha Mengo, pamoja na vitongoji kama Kisenyi, kilikuwa chini ya serikali ya Kabaka. Aidan Southall na Peter Gutkind, waliochapisha utafiti wao kuhusu Kisenyi na Mulago mwaka 1957, walionyesha mitaa iliyojaa wageni kutoka kila upande wa Uganda na nchi jirani. Chifu wa muluka alitakiwa kuwadhibiti watu ambao wengi wao hawakuwa wa kabila lake, hawakuwa na ukoo pale, na wangeweza kuondoka wakati wowote. Jicho la ukoo lilipungua nguvu, na bado hakikuwapo chombo cha kuchukua nafasi yake.

3. Amri bila ridhaa, 1971–1979

Utawala wa Idi Amin ulijaribu kujaza pengo hilo kwa tangazo. Amri za kijeshi zilisomwa redioni na kuanza kutumika papo hapo. Mwaka 1972 sketi fupi zilipigwa marufuku. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 1975 ilianzishwa mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi, yenye uwezo wa kutoa adhabu ya kifo kwa wanaoficha bidhaa au kuuza kwa bei ya juu kuliko iliyopangwa.

Kama utii ungekuwa tunda la ukali, Kampala ya mwisho wa miaka ya 1970 ingekuwa mji wenye utii kuliko yote katika kanda. Ilikuwa kinyume. Neno lililotawala uchumi wa wakati huo ni magendo. Sukari, sabuni, mafuta na kahawa vilipita nje ya bei rasmi na nje ya mipaka rasmi. Waliotajirika waliitwa mafuta mingi, na wengi wao walikuwa watu wa karibu na jeshi. Udhibiti wa nje ulikuwa mkali, lakini mtu hakuweza kukisia ni nani angeadhibiwa na kwa kosa gani. Pale ambapo aliyetii na aliyekaidi wote wako hatarini, utii hauna faida. Isitoshe, udhibiti usio rasmi uligeuka kuwakinga wavunjaji wa kanuni: jirani alificha siri ya jirani, kwa sababu kumtaja kulimaanisha kumpeleka mahali ambapo huenda asirudi.

4. Mayumba kumi na panda gari

Baada ya Amin kuondolewa Aprili 1979, serikali mpya ilikabili mji wenye silaha zilizotapakaa na bidhaa haba. Ikaazima mfumo kutoka kwa majirani zake wa kusini. Nchini Tanzania, TANU ilikuwa imeunda mashina ya nyumba kumi tangu katikati ya miaka ya 1960, kila moja likiwa na mjumbe wake. Kampala mfumo huo ukaitwa mayumba kumi, kwa wingi unaofuata Kiswahili cha bara badala ya kile cha vitabuni. Kiongozi wa nyumba kumi alitakiwa kujua ni nani amelala wapi, mgeni gani ameingia, na kaya gani inastahili sukari.

Kwa nadharia, huu ni udhibiti wa karibu mno. Mlinzi ni jirani, anajua majina ya watoto, anaona moshi wa jiko. Lakini ukaribu bila uwajibikaji una hatari yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, uongozi wa nyumba kumi uliingia mikononi mwa watu wa chama tawala, na barua yao ikawa kipimo cha uaminifu wa kisiasa. Huo ulikuwa wakati wa misako iliyojulikana kama panda gari: askari walizingira mtaa, wakawapanga wakazi, na waliotiliwa shaka wakaamriwa kwa Kiswahili kupanda lori. Mtu aliyekosa kuthibitishwa na kiongozi wake wa mtaa alikuwa hatarini. Kwa hiyo jicho la jirani, ambalo kwa desturi lilikuwa ulinzi, likawa jambo la kuogopwa.

Tofauti na Tanzania inafaa kuzingatiwa. Mjumbe wa nyumba kumi wa Tanzania naye alikuwa mtu wa chama, na utafiti haujamwacha bila lawama. Lakini alichaguliwa na wanachama wa shina lake, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa kawaida. Chombo chenye jina karibu lilelile kilizaa matunda tofauti kulingana na swali moja: kiongozi anamwogopa nani?

5. Mabaraza ya Ukinzani: mlinzi aliyechaguliwa

Katika vita vya msituni vilivyoanza Februari 1981, wapiganaji wa NRA waliunda kamati za vijiji katika maeneo ya Luweero waliyoyashika. Kamati hizo zilitafuta chakula, zilipeleka habari na ziliamua migogoro. Baada ya Kampala kuchukuliwa Januari 1986, mfumo huo ulienezwa nchini kwa jina la Mabaraza ya Ukinzani, yaani RC, na ukapewa msingi wa kisheria mwaka 1987. Kila mkazi mtu mzima wa mtaa alikuwa mjumbe wa baraza la RC1, bila kujali kabila, dini au kama ana ardhi. Baraza lilichagua kamati ya watu tisa, na sheria ililipa uwezo wa kuwaondoa viongozi hao kwa kura ya kutokuwa na imani.

Mwanzoni RC1 za Kampala zilifanya kazi ileile ya mayumba kumi: kuorodhesha wakazi na kugawa sukari, sabuni na chumvi. Tofauti ilikuwa kwamba mgao ulifanyika mbele ya watu wenye uwezo wa kupiga kura dhidi ya mgawaji. Mwaka 1988 kamati zilipewa mamlaka ya mahakama kwa migogoro midogo: madeni, ugomvi, uharibifu wa mali, masuala ya kimila. Mawakili hawakuhitajika, kesi zilisikilizwa kwa lugha ya mtaa, na suluhu zilielekea kurudisha uhusiano kuliko kuadhibu: kuomba radhi, kulipa fidia, kurudisha mali, kupatana.

Hapa udhibiti rasmi na usio rasmi vilikutana. Mtu aliyeamriwa kuomba radhi mbele ya mtaa hakuogopa jela. Aliogopa aibu, na aliogopa kupoteza ushuhuda wa majirani siku atakapouhitaji. Tom Tyler, katika utafiti alioufanya Chicago na kuuchapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoamini kwamba mwenye kuisimamia ana uhalali na ametenda kwa haki, kuliko wanapohofia adhabu tu. RC1 za miaka ya mwanzo zinatoa mfano wa Kiafrika wa hoja hiyo, miaka kadhaa kabla haijachapishwa.

Haifai kuzitukuza kupita kiasi. Mfumo huu pia ulikuwa chombo cha utawala mpya, uliokuwa umezuia shughuli za vyama vya siasa. Mafunzo ya siasa ya chaka mchaka yalipitia humohumo. Wanawake walitengewa nafasi katika kamati, lakini kesi za ndoa na urithi ziliweza kuamuliwa kwa mizani ya wanaume. Upigaji kura wa kupanga mstari nyuma ya mgombea nao ni udhibiti wa nje: mwenye nyumba anaona mpangaji wake amesimama wapi. Pamoja na dosari hizo, mkazi alijua jambo moja ambalo hakulijua chini ya Amin wala chini ya mayumba kumi, yaani kwamba aliyeshika daftari la mtaa angeweza kunyang'anywa.

6. Mhuri bila kura, 2001–2018

Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 zilibadilisha RC kuwa LC, na zikaacha kazi nyingi zilekezile. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika mwaka 2001. Kisha nchi ikarejea kwenye vyama vingi baada ya kura ya maoni ya 2005, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mabaraza yaliyochaguliwa chini ya mfumo usio wa vyama hayakuwa na uhalali katika mfumo mpya. Hata hivyo, uchaguzi mwingine haukufanyika hadi Julai 2018. Kwa miaka 17 wenyeviti walewale, au waliowarithi bila kura, waliendelea kukalia viti.

Cha ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho umuhimu wa mhuri wao uliongezeka. Barua ya LC1 ilihitajika kufungua akaunti ya benki, kuomba pasipoti, kumdhamini ndugu aliyekamatwa na kuthibitisha mauzo ya kibanja. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 iliendeleza mamlaka yao ya kuamua kesi. Zoezi la vitambulisho vya taifa, ndaga muntu, lililoanza 2014, liliutegemea pia ushuhuda wa mtaa. Hivyo mlinzi aliongezewa funguo wakati mlindwa amenyang'anywa kura.

Matokeo yanaonekana katika lugha ya kila siku. Watu wa Kampala huzungumzia kununua barua au kulipia mhuri. Kile kilichokuwa ushuhuda wa majirani kuhusu mwenendo wa mtu kiligeuka huduma yenye bei. Ushuhuda unaonunuliwa haudhibiti chochote: mwenye tabia njema hulipa, na mwenye tabia mbaya hulipa.

Pengo hilo lilijazwa kutoka pande mbili. Kutoka juu, Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi 2011 chini ya mkurugenzi Jennifer Musisi, ilitumia maafisa wa utekelezaji kuwaondoa wachuuzi barabarani. Barabara zilisafishwa, lakini wachuuzi walirudi kila maafisa walipoondoka, kwa kuwa kanuni haikuwa na mtetezi miongoni mwa wachuuzi wenyewe. Kutoka chini ulikuja umati. Ripoti za kila mwaka za Polisi ya Uganda huhesabu mauaji yanayofanywa na umati kama kundi la pekee, na kelele ya mwizi sokoni au kwenye kituo cha teksi bado inaweza kugharimu uhai. Umati nao ni udhibiti wa kijamii wa nje, lakini usio na uso, usio na daftari na usioweza kuulizwa kesho. Umati hujitokeza pale ambapo watu wanaamini kwamba hakuna mlinzi wa karibu wa kumpelekea mashtaka.

7. Funzo kwa kanda

Wakati wa korona, Aprili 2020, serikali ilipogawa unga wa mahindi na maharagwe Kampala na Wakiso, wenyeviti waliochaguliwa 2018 ndio waliotarajiwa kuonyesha kaya zilipo. Kipindi hicho kilikumbusha kwamba dola, hata yenye rejista za kompyuta, bado humhitaji mtu anayejua mlango upi unafunguliwa na nani. Muhula wa viongozi hao ulipokwisha mwaka 2023, uliongezwa kwa agizo la serikali badala ya kura. Hoja ya gharama ilitolewa, na ni hoja halisi. Lakini historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba gharama ya kutopiga kura hulipwa pia, kwa njia isiyoingia katika bajeti.

Kenya nayo ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi. Mjadala wake ulirudia maswali ya Kampala: je, kiongozi wa nyumba kumi anamtumikia jirani au polisi? Kwa washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, jukumu lisiongezwe kwa kiongozi wa mtaa bila kuongeza njia ya kumwajibisha. Kila mhuri mpya uambatane na tarehe ya kura. Pili, kazi ya kusuluhisha itenganishwe na kazi ya kupeleleza, kwa sababu mtu hapeleki ugomvi wake kwa yule anayemshuku kuwa mpelelezi. Tatu, mpangaji na mgeni wahesabiwe kuwa wakazi kamili, kwa kuwa katika mji kama Kampala wao ndio wengi, na kanuni isiyowahusu katika kutungwa haitawahusu katika kutiiwa.

8. Hitimisho

Kutoka ngoma ya bulungi bwansi hadi mhuri wa LC1, Kampala haijawahi kuishi bila udhibiti wa nje, na hakuna sababu ya kudhani kwamba itaweza. Tofauti kati ya kipindi kimoja na kingine haikuwa kuwapo au kutokuwapo kwa mlinzi. Chifu wa 1910, askari wa 1975, kiongozi wa mayumba kumi wa 1982 na mwenyekiti wa 1988 wote waliwaangalia watu. Ni chini ya huyo wa mwisho ambapo watu nao walikuwa na haki ya kisheria ya kumwangalia mlinzi wao na kumwondoa. Buganda imeifufua bulungi bwansi na huiadhimisha kila tarehe 8 Oktoba kwa kusafisha barabara na visima, na wanaojitokeza hufanya hivyo bila polisi kuwasimamia. Utayari huo wa kuitika upo. Kinachosubiriwa na mabaraza ya mtaa ni mwito wenye uhalali unaotokana na kura.